Mnyama Mgumu wa Rufiji

Mnyama gani ni mgumu kuliko wote? Pale Utete mvuvi atakutajia mamba au kiboko. Wengi watasema simba. Nao wana hoja, kwa maana kati ya 2002 na Aprili 2004 simba mmoja aliua watu 35 wilayani Rufiji kabla ya yeye mwenyewe kuuawa, na kinywani mwake pakaonekana jipu chini ya gego.

Mimi namtaja nguruwe mwitu. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia watu wa bondeni kwenye miinuko, lakini ardhi yenye rutuba ilibaki kule kule mtoni, mbali na nyumba. Nguruwe huja usiku kula mpunga na mahindi. Akifukuzwa leo, kesho yu papo hapo. Waislamu, ambao ndio wengi huko, hawamli, basi hana wa kumwinda kwa ajili ya chungu. Hivyo mkulima hulala dunguni msimu mzima, na simba amfuataye nguruwe humkuta mtu. Craig Packer na wenzake walikieleza kiungo hicho mwaka 2005, wakiwa wamehesabu watu 563 waliouawa na simba nchini Tanzania tangu 1990. Nguruwe hakutiwa katika hesabu ya wauaji.