Hiyo "mno" ya urujuanimno

Ingia duka la kanga pale Ngamiani, Tanga, uulize doti ya urujuani. Muuzaji atakukodolea macho mpaka useme zambarau. Zambarau tunaijua: ukila tunda lake, ulimi hauwezi kukana. Urujuani tuliupokea kutoka Kiarabu ukabaki vitabuni, na huko huko wanasayansi wakaupachika mkia: urujuanimno, mwanga ulio nje ya ukingo wa urujuani katika upinde wa mvua.

Utata uko kwenye mkia. Chai yenye sukari mno bado ni chai, kwa hiyo alisikiaye neno hili mara ya kwanza hudhani ni zambarau iliyokolea. Sivyo. Kwa jicho la mtu mwanga huo hauna rangi yoyote. Kilichozidi ni mtetemo: mawimbi yake ni mafupi kuliko nanomita 400, na jicho haliyaoni. Tunayajua kwa kazi yake tu, maana kanga iliyosahauliwa kambani hupauka. Mimi ningependa "ng'ambo ya urujuani", ila nakiri ni refu mno.

Wanaastronomia wanauhitaji mwanga huo hasa nyota kubwa inapolipuka, yaani supanova. Saa za mwanzo gesi yake huwa na joto kali ajabu, na sehemu kubwa ya mng'ao huwa ng'ambo hiyo. Lakini ozoni huuzuia mwingi wake usifike chini, hata ukikesha Raskazone, hapo hapo Tanga, na darubini bora.

Februari 1987 nyota ya namna hiyo ilionekana ikilipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, ambalo kutoka Tanga huonekana chini kusini, upande wa Pangani. Setilaiti ya kutazama urujuanimno, IUE, iliyorushwa nje ya ozoni mwaka 1978 ikiwa na kioo cha sentimita 45 tu, iligeuzwa kuielekea mara moja. Gesi ilipoa, na kwa siku chache urujuanimno ukafifia vibaya, huku mwanga wa kawaida ukipanda hadi Mei. Mvuvi wa Tanga angeweza kuiona kwa macho matupu, nyota ya wastani tu karibu na upeo.

Kabla ya miezi mitatu kutimia, IUE ikanasa tena urujuanimno. Safari hii haukutoka kwenye mlipuko wenyewe. Mmweko wa kwanza ulikuwa umefika kwenye pete ya gesi ambayo nyota ile iliitema miaka kama 20,000 kabla ya kufa, ukaiwasha.