Nani Alikata Jina la Susu?

Mwaka jana nilimsindikiza susu yangu kwa ofisi moja hapa Mwingi. Kwa kompyuta, jina lake la mwisho lilikuwa limekatwa herufi mbili. Karani akataka hati ya kiapo. Susu akaniuliza, "Kwani herufi zangu ziliibiwa na nani?"

Nimechimba, na naona kesi inaanzia kwa karatasi. Mwaka 1928 IBM walitoa kadi ya kutobolewa yenye safu 80. Safu moja, herufi moja. Basi kila kitu kikapimiwa ploti yake: safu hizi za jina, hizi za akaunti, hizi za pesa. Jina fupi? Unaacha nafasi tupu. Jina refu? Panga. Kadi ziliisha lakini mazoea yakabaki, kwa sababu mashine mbili zinaelewana haraka zikijua pesa inaanzia herufi ya ngapi.

Hadi leo mishahara mingi Marekani hupita kati ya benki kwa faili za ACH: kila mstari herufi 94, jina limetengewa 22, pamoja na nafasi za katikati. Tuseme Mkamba anaitwa Mutinda Kasyoka Muthengi. Huko ni MUTINDA KASYOKA MUTHEN. Hesabu mwenyewe.

Miaka nayo ilikatwa hivyo hivyo, 1967 ikawa 67. Ilipokaribia 2000, dunia ikamwaga mabilioni kuirekebisha. Mi siwalaumu mainjinia wa zamani, nafasi ilikuwa ghali. Lakini siku hizi simu yangu inabeba filamu nzima, na susu amelipa wakili kuapa kwamba herufi mbili ni zake.