Utumbo wa Kifaranga: Kutoka kwa Aristotle Hadi Enzi ya Homoni

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle aliandika habari za mayai ya kuku yaliyofunguliwa siku baada ya siku tangu kuatamiwa. Wengi humkumbuka kwa moyo aliouona ukipiga kama nukta ya damu. Lakini aliandika pia kwamba siku 10 baada ya kuanguliwa, kifaranga akipasuliwa, mabaki ya kiini cha yai bado huonekana yakiwa yameshikamana na utumbo. Fumbo letu limejificha hapo. Kwa siku 21 kiumbe huyu hulishwa hasa na kiini. Mara tu akitoka gandani, hutakiwa kusaga nafaka na wadudu. Ni nini kinachouarifu utumbo kwamba zamu yake imefika? Aristotle hakuuliza, na kwa zana za zama zake asingeweza kujibu.

Karne ya 17 ilileta hadubini, na mwaka 1673 Marcello Malpighi wa Bologna alichapisha michoro ya kifaranga ndani ya yai iliyowashangaza wanazuoni wa Ulaya. Hata hivyo, michoro hiyo iliwapa nguvu wale walioshikilia kwamba kiumbe huwa kimekwisha kuumbwa tangu mwanzo, kikiwa kidogo sana, na kazi yake ni kukua tu.

Aliyewapinga kwa ushahidi alikuwa Caspar Friedrich Wolff. Alianza hoja yake mwaka 1759, kisha akahamia St. Petersburg, na huko mwaka 1768 na 1769 akatoa utafiti wake juu ya kuumbika kwa utumbo. Alionyesha kwamba mwanzoni hakuna utumbo wowote katika kiinitete: kuna utando bapa tu, ambao hukunjika, ukawa mfereji, na mwishowe kingo zake zikaungana kuwa mrija. Kama mrija huzaliwa kutokana na utando, basi haukuwepo tangu awali. Hoja ni fupi na nzito. Lakini kazi hiyo, iliyoandikwa kwa Kilatini, haikupata wasomaji wengi hadi Johann Friedrich Meckel alipoitafsiri kwa Kijerumani mwaka 1812. Miaka mitano baadaye Christian Pander akaeleza tabaka za kiinitete cha kuku, na mwaka 1828 Karl Ernst von Baer akaujenga juu ya msingi huo mfumo mzima wa elimu ya viinitete. Umbo la utumbo likawa limeelezwa. Wakati wa kukomaa kwake ukabaki bila maelezo.

Maelezo hayo yalihitaji dhana ambayo bado haikuwa na jina. Mwaka 1849, mjini Göttingen, Arnold Berthold aliwahasi majogoo, akawarudishia korodani mahali pengine mwilini, na wakaendelea kuwika na kupigana: kitu fulani kilisafiri ndani ya damu. Mwaka 1902 William Bayliss na Ernest Starling wa London wakagundua sekretini, kemikali itolewayo na utumbo kuiamsha kongosho, na mwaka 1905 Starling akatumia hadharani jina homoni. Mwaka 1912 Friedrich Gudernatsch aliwalisha viluwiluwi tezi ya dundumio ya farasi, nao wakageuka vyura kabla ya wakati wao. Thairoksini, homoni ya tezi hiyo, ilitengwa na Edward Kendall wa Marekani mwaka 1914. Sasa ilijulikana kwamba homoni zinaweza kuharakisha ukuaji. Ilibaki kuuliza swali hilo ndani ya yai.

Aliyeliuliza kwa uvumilivu mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Florence Moog wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis. Mwaka 1950 alionyesha kwamba kimeng'enya kiitwacho fosfatasi ya alkali hujikusanya kwa kasi katika duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, kifaranga anapokaribia kuanguliwa. Katikati ya muongo huo, yeye na mwenzake walionyesha kwamba homoni za tezi za adrenali huharakisha mabadiliko hayo. Mwaka 1963 watafiti wengine waliondoa sehemu ya kichwa cha viinitete, pamoja na tezi ya pituitari inayoziamuru tezi nyingine. Duodeni ikabadilika mwendo wake wa kukua.

Miaka ya 1970 ilileta ugumu wenye faida. Vipande vya utumbo vilikuzwa nje ya yai, na mwaka 1977 ikaripotiwa kwamba seli zitoazo ute hukomaa mapema humo kuliko ndani ya kiinitete. Maana yake, utumbo una uwezo wake wenyewe. Thairoksini na haidrokotisoni, homoni ya tezi za adrenali, ziliongezwa, nazo zikagusa vimeng'enya vinavyosaga chakula. Homoni, basi, hufanya kazi ya mnyapara: hazifyatui matofali, bali huamua yatumike lini.

Mwaka 1986 kipokezi cha homoni ya dundumio kilitambuliwa kwa kufuata jeni iliyotoka katika virusi vya saratani ya damu ya kuku. Mwaka 2013 watafiti wa Harvard wakaonyesha kwamba mikunjo ya ndani ya utumbo wa kifaranga hufinyangwa na misuli: tabaka la kwanza la misuli hutoa matuta kuanzia siku ya 8, la pili huyapinda siku ya 13, la tatu huandaa vijidole vya kufyonza chakula kuanzia siku ya 16. Wolff angefurahi, kwa kuwa mikunjo ndiyo iliyomvutia tangu mwanzo. Lakini nguvu za misuli hazijaiondoa hoja ya Moog, kwani matuta yasiyo na vimeng'enya hayamsagii kifaranga chochote.

Historia hii inaishia kwenye maboksi ya vifaranga wa siku moja yanayosafirishwa kila wiki kutoka mashine za kutotolesha. Kuchelewa kupata chakula hudumaza vijidole vya utumbo katika siku hizo za mwanzo. Homoni zimekwisha kuuandaa utumbo kabla ganda halijapasuka. Hatua inayofuata huihitaji punje. Mfugaji apokeaye vifaranga jioni asingoje asubuhi: awape maji na chakula usiku uleule.