Mtoto na Matembezi ya Kwanza: Somo la Kampala

Tukimpeleka mtoto kwa jamaa kwa mara ya kwanza, hupiga hatua chache kisha hukimbilia kwa mamake. Wengi wetu husema, "Amedekezwa!"

Historia yatufunza vingine. Mwaka 1954, mtafiti Mary Ainsworth, akiwa Makerere, alianza kuzitembelea familia 26 katika vijiji vya Buganda karibu na Kampala. Aliona mtoto hutambaa akichunguza vitu, akiingiwa na hofu hurejea kwa mama, kisha hutoka tena. Waliotulia zaidi ni wale ambao mama zao walizijua tabia zao kwa undani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967.

Basi tusimfukuze anaporudi. Tumpokee, akishatulia ataondoka mwenyewe.