Lori la umeme barabara kuu: kasi, jokofu na foleni ya mpakani hula chaji kiasi gani?

LUMINO, Busia – Wasafirishaji wa mizigo kati ya Uganda na Kenya wameanza kuulizana kuhusu malori ya umeme, na swali la kwanza huwa moja: chaji moja inafika wapi? Watengenezaji hujibu kwa tarakimu moja tu. Kampuni ya Mercedes-Benz, kwa mfano, inasema lori lake la eActros 600 lililozinduliwa Oktoba 2023 huenda kilomita 500 likiwa na uzito wa jumla wa tani 40. Tesla nayo ilitangaza kilomita 800 kwa lori lake la Semi, ambalo wateja wa kwanza walikabidhiwa Desemba 2022 nchini Marekani.

Tarakimu hizo si uongo, lakini zimepimwa katika mazingira yasiyofanana na ya Malaba wala Busia. Makala haya yanaeleza mambo mawili yanayozipunguza zaidi, yaani kasi ya lori na vifaa vinavyotumia umeme wa betri, na kwa nini hapa mpakani jambo la pili linaweza kulizidi la kwanza.

Uniti kwa kilomita

Anayelipa bili ya umeme tayari anakijua kipimo kinachotakiwa. Ni uniti, yaani kilowati-saa moja. Betri ya lori hupimwa kwa uniti kama tangi linavyopimwa kwa lita, na ulaji wa lori ni uniti ngapi kwa kila kilomita. Mwaka 2024 eActros 600 ilizungushwa Ulaya kwa zaidi ya kilomita 15,000 ikiwa na tani 40, na mtengenezaji akaripoti wastani wa uniti 103 kwa kilomita 100. Kwa lori zito, uniti moja na ushei kwa kilomita ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Uniti hizo huenda wapi? Kwenye barabara tambarare lori hupambana na wapinzani wawili. Wa kwanza ni matairi, ambayo hujibinya na kujinyoosha kila yanapozunguka. Ulaji wake hutegemea uzito wa lori na upepo uliojazwa ndani, na kasi hailibadilishi sana jambo hilo. Wa pili ni hewa iliyo mbele ya lori. Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa kasi: ukiongeza mwendo mara mbili, hewa inakuzuia mara nne.

Mwandishi wa makala haya amepiga hesabu ya trela la tani 40 lenye betri inayotoa uniti 540, kwenye barabara tambarare na kwa hewa ya mwinuko wa mita 1,200 hivi, kama ilivyo Busia na Tororo. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa lori linakula takriban uniti 0.96 kwa kilomita, na chaji inafika kilomita 560. Kwa mwendo wa 80 linakula 1.17, na chaji inafika 460. Kwa mwendo wa 100 ulaji ni 1.45 na umbali unashuka hadi 370. Lori moja na betri ileile, lakini kati ya dereva mtulivu na dereva mwenye haraka pana tofauti ya karibu kilomita 190.

Sheria ya Kenya inayataka malori ya mizigo yasizidi kilomita 80 kwa saa, na vidhibiti mwendo vipo kwa ajili hiyo. Kwa mwenye lori la umeme, kidhibiti mwendo kinachofanya kazi ni sehemu ya betri. Akikichezea, amekata kipande cha safari yake mwenyewe.

Faida moja ya ukanda huu haitajwi mara nyingi. Hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 10. Lori lilelile, kwa mwendo uleule wa 80, litakula karibu asilimia 5 zaidi likiwa Mombasa.

Trela tupu na mwendo wa kurudi

Kila anayeifahamu njia hii anajua kwamba makontena mengi huja yamejaa kutoka Mombasa na kurudi matupu. Hapo ndipo madereva hukanyaga mafuta, kwa kuwa gari ni jepesi. Kwa lori la umeme hilo ni kosa la hesabu. Lori tupu la tani 16 kwa mwendo wa 80 lingefika kilomita 700 hivi. Kwa mwendo wa 100 linafika 520. Umbali umepungua kwa zaidi ya robo, wakati lile lililojaa lilipoteza takriban moja ya tano kwa ongezeko hilohilo la kasi. Sababu ni kwamba shehena ikishushwa matairi hupumzika, lakini upana wa trela mbele ya upepo haupungui hata inchi moja.

Kwa sababu hiyohiyo, mapambo ya nje yana bei yake. Ngao kubwa ya mbele, safu ya taa juu ya kabini, keria lenye madumu na turubai linalopigapiga upepo vyote huikwaruza hewa. Vikiongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 10 tu, lori letu la tani 40 linapoteza kilomita 18 hivi kwa mwendo wa 80.

Je, inafaa kwenda polepole? Hapa lazima kutenganisha fedha na umbali. Kushuka kutoka 80 hadi 60 huokoa uniti 21 hivi kwa kila kilomita 100. Kwa bei maalumu ya magari ya umeme iliyotangazwa Kenya mwaka 2023, shilingi 16 kwa uniti kabla ya tozo nyingine, hizo ni shilingi 340 hivi, na safari inarefuka kwa dakika 25. Ukihesabu mshahara wa dereva, utingo na mkopo wa gari, akiba hiyo ni ndogo. Lakini ikiwa chaja ya karibu iko mbele ya pale chaji inapoishia, kushuka hadi 60 ndiyo njia ya kufika badala ya kuvutwa. Mwendo mdogo, kwa hiyo, ni akiba ya kutumia siku ya dharura. Kuufanya kuwa desturi ya kila siku hakulipi.

Vifaa vinavyohesabu saa

Kasi hula umeme kwa kilomita. Vifaa hula umeme kwa saa, lori liende au lisimame. Taa, redio na simu za dereva ni kitu kidogo. Kiyoyozi cha kabini kinachotumia kilowati 2 hupunguza kilomita 9 hivi katika safari ya mwendo wa 80. Hakuna sababu ya kumnyima dereva ubaridi barabarani.

Jokofu la trela ni habari nyingine. Samaki wabichi wa Ziwa Victoria na maziwa mabichi hayasubiri. Tuseme jokofu linachukua wastani wa kilowati 8 mchana wa jua kali. Kwa mwendo wa 80, linapunguza umbali kutoka kilomita 460 hadi 425. Kwa mwendo wa 60 linakata kubwa zaidi, kutoka 560 hadi 495, kwa sababu safari imerefuka na jokofu limepata saa zaidi za kula. Kwenye mwendo wa 30, wa vijiji vyenye matuta, linaondoa kilomita zinazokaribia 190. Mwenye mizigo ya baridi, basi, hapati faida yote ya kwenda polepole.

Huku kwetu hesabu hiyo inaanzia barabarani. Lami ya Musita–Mayuge–Lumino–Majanji–Busia, yenye urefu wa takriban kilomita 104, imewapa wenye mizigo njia ya kufika mpakani bila kupita Iganga na Bugiri, na kuwaunganisha wavuvi wa Majanji na soko. Lakini ni njia ya miji midogo, ya kupunguza na kuongeza mwendo. Lori la umeme huvumilia hilo vizuri kuliko la dizeli, kwa kuwa kila linapofunga breki mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme. Jokofu halirudishi kitu.

Kisha inakuja foleni. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa nchi mbili Februari 2018, na utaratibu wa himaya moja ya forodha ulioanza mwaka 2014 umepunguza siku nyingi za kusubiri. Hata hivyo, hakuna msafirishaji aliyesahau Januari 2022, pale mvutano wa vipimo vya korona ulipoyakwamisha malori Malaba kwa makumi ya kilomita na Uganda ikakosa mafuta.

Lori la umeme la mizigo mikavu likisimama halili karibu chochote, na hapo linalishinda la dizeli linalounguruma usiku kucha. La jokofu ni kinyume. Saa 12 za foleni ni uniti 96, sawa na kilomita 76 za barabara kuu. Foleni ya siku tatu ni uniti 576: betri yote imekwisha na gurudumu halijazunguka.

Ndiyo maana, kwa maoni ya mwandishi, soketi za kawaida za umeme wa awamu tatu katika maegesho ya mpakani zingewafaa wenye majokofu kabla ya chaja kubwa za gharama. Kilowati 8 ni mzigo wa mashine ndogo ya kusaga nafaka.

Mfano wa Malaba hadi Eldoret

Tuchukue trela la jokofu la tani 40 lililojazwa chaji Tororo. Limesubiri Malaba saa 12. Uniti 96 zimekwenda, zimebaki 444. Mbele yake kuna takriban kilomita 130 hadi Eldoret, ambazo kwa barabara tambarare zingechukua uniti 165 pamoja na jokofu. Lakini Eldoret iko juu ya Malaba kwa takriban mita 900, na kupandisha tani 40 kimo hicho kunadai uniti 110 nyingine. Mlimani lori litakwenda polepole na upepo utapungua, ila jokofu litapata muda zaidi, hivyo tofauti si kubwa.

Eldoret limefika na uniti 170 hivi. Nakuru bado iko takriban kilomita 155 mbele, na kabla ya mteremko wa kurudisha umeme kuna kupanda hadi Timboroa. Bila foleni, dereva angekuwa na uniti 265 na angeweza kuamua mwenyewe mahali pa kuchaji. Baada ya foleni, lazima achaji Eldoret.