Habari za Mawe Machache: Matumbawe Ndani ya Hodhi la Kioo

Mtu atazamaye hodhi la kioo lililopangwa kwa mtindo wa mawe machache huona mambo matatu tu: maji, mchanga mweupe, na mawe mawili au matatu yenye matumbawe juu yake. Huenda akadhani kwamba fundi wake aliishiwa mawe, au kwamba mpango huo ni wa kupendeza macho na basi. Walakini historia ya kazi hii yaonyesha vingine. Uchache huo ulikuja mwisho, baada ya majaribio ya zaidi ya miaka mia moja, na gharama ya mafunzo hayo ililipwa na viumbe wenyewe.

Mwaka 1846 bibi mmoja wa Kiingereza, Anna Thynne, alichukua matumbawe madogo ya bahari ya baridi huko Torquay, akayapeleka London ndani ya mtungi. Bahari ilikuwa mbali, na maji mapya hayakupatikana kila siku. Basi ikawa kazi ya mtumishi kuyamimina maji yale yale huku na huku mbele ya dirisha lililo wazi, kwa muda wa nusu saa au zaidi, ili yapate hewa. Mwaka uliofuata bibi huyo alitia mimea ya bahari, nayo ikampunguzia taabu. Mwaka 1850 Robert Warington, mwanakemia, alieleza jinsi mimea, samaki na konokono wanavyotegemeana ndani ya maji yasiyobadilishwa. Mwaka 1853 nyumba ya samaki ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse alitoa kitabu chake, The Aquarium. Watu wakamiminika pwani kukusanya viumbe. Mwanawe, Edmund Gosse, alipoandika mwaka 1907, alisikitika kwamba vidimbwi vya miambani alivyovijua utotoni vilikuwa vimekwisha kuharibiwa na wakusanyaji. Hivyo tangu mwanzo ilionekana kwamba mapenzi haya yaweza kukiangamiza kile kipendwacho.

Matumbawe ya bahari za joto yalikuwa magumu zaidi kufuga. Hata katikati ya karne ya 20, wafugaji wengi wa samaki wa bahari walipamba mahodhi yao kwa mifupa ya matumbawe yaliyokufa. Mifupa hiyo ilipoota mwani ilitolewa, ikasafishwa kwa dawa kali, ikarudishwa ikiwa myeupe kabisa. Hodhi likang'aa kama kaburi lililopakwa chokaa. Na kila usafi huo ulipofanywa, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao ndio hasa wasafishaji wa maji, waliuawa.

Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mkazi wa Jakarta, alieleza njia nyingine katika gazeti la Kimarekani la wafugaji wa samaki. Yeye hakuyasugua mawe. Aliyatoa baharini pamoja na kila kiishicho juu yake na ndani yake, akayaweka penye mwanga, na kuyapa mapovu machache ya hewa. Sababu ya kufaulu kwake sasa yajulikana. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria walio juu ya jiwe huigeuza kuwa naitriti, kisha naitreti. Na ndani ya vitundu vya jiwe, pasipofika oksijeni, bakteria wengine huigeuza naitreti kuwa hewa ya naitrojeni, ikatoka majini. Jiwe lililodhaniwa kuwa pambo kumbe lilikuwa na kazi.

Katika miaka iliyofuata wafugaji wa Berlin, na miongoni mwao Dietrich Stüber, waliyatumia mawe yaliyo hai pamoja na taa zenye nguvu na chombo kinachokusanya uchafu kwa povu. Matumbawe yakakua. Lakini wengi waliofuata njia hiyo walidhani kwamba, maadamu jiwe husafisha maji, mawe mengi yatasafisha zaidi. Wakayarundika hata yakawa ukuta, kutoka mchangani mpaka karibu na uso wa maji, yakiegemea kioo cha nyuma.

Ukuta huo ulikuwa na ubaya wake. Nyuma yake maji yalitulia na taka zikakusanyika mahali pasipofikiwa na mkono. Tena matumbawe hayabaki kama yalivyowekwa: matawi hupanuka, na jirani akikaribia mno huchomwa kwa minyiri yenye sumu. Nafasi iliyoachwa tupu leo ni kiwanja cha ukuaji wa kesho. Vyombo vya povu vilipokuwa bora, mawe machache yalitosha kwa kazi iliyofanywa na mengi. Kwa upande wa sura kulikuwako mfano wa Japani: Takashi Amano, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa amewafundisha watu wa maji baridi kupanga mawe kwa hesabu isiyo shufwa, jiwe moja likiwa kubwa na mengine yakilifuata.

Kanuni za mpango huu basi si nyingi. Mawe huwekwa mafungu mawili yasiyolingana, na kilele cha kubwa hukaa kwenye theluthi ya urefu wa hodhi, si katikati. Baina yake huachwa njia ya mchanga, na jiwe lolote lisiguse kioo, ili maji yazunguke pande zote.

Lakini faida kubwa zaidi iko nje ya hodhi. Mawe yaliyo hai yalitolewa baharini, kwa wingi hasa Fiji, na kila jiwe lisilohitajiwa ni jiwe liwezalo kubaki mwambani. Stüber naye aliyakata matawi ya tumbawe lake na kuwagawia wengine, wakapanda bila kugusa bahari. Jambo hili si dogo baada ya joto la mwaka 1998, lililoua sehemu kubwa ya matumbawe ya Bahari ya Hindi, pamoja na yale ya pwani ya Kenya na Tanzania. Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mfugaji wa matumbawe amejifunza neno jingine: kwamba si kila kibaba kifaacho kujazwa.