Kichocheo cha mishipa ya damu kinavyounganisha kisukari na saratani

MKAZI wa Bagamoyo anayepofushwa na kisukari na jirani yake mwenye saratani hupanda basi moja kwenda Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 70, kufuata tiba ya kibingwa. Mmoja huweza kuishia CCBRT, Msasani, mwingine Taasisi ya Saratani Ocean Road. Hata hivyo, maradhi yao yana kiungo kimoja: protini iitwayo kwa kifupi VEGF.

VEGF ni kichocheo cha ukuaji wa mishipa ya damu. Napoleone Ferrara na wenzake waliitenga nchini Marekani mwaka 1989. Seli inapokosa oksijeni huitoa kwa wingi, na mishipa iliyo jirani huchipua matawi kuielekea. Bila protini hiyo mimba haikui wala jeraha haliponi vyema.

Kisukari huuvuruga mpango huo kwa namna mbili zinazopingana. Sukari iliyozidi kwa miaka mingi huharibu na kuziba mishipa myembamba ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Retina hiyo hutoa VEGF nyingi. Mishipa mipya inayoota huwa dhaifu, huvuja damu na huweza kuleta upofu. Mguuni huwa kinyume: kidonda mara nyingi hukosa vichocheo vya kutosha, hivyo huchelewa kufunga, na mguu huweza kukatwa.

Kuhusu saratani, Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa Marekani, alitoa hoja mwaka 1971 kuwa uvimbe hauwezi kukua kupita milimita chache bila kujipatia mishipa mipya. Mfano unaofahamika Afrika Mashariki ni sarkoma ya Kaposi. Kirusi chake, kilichogunduliwa mwaka 1994, huzifanya seli zitoe VEGF.

Hoja ya Folkman ilifungua njia ya bevasizumabu, dawa inayoizuia VEGF, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Dozi yake ndogo hudungwa pia ndani ya jicho, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu kwa matumizi hayo. Lakini mgonjwa wa saratani anayeipata kupitia mshipa huisimamisha angalau siku 28 kabla ya upasuaji uliopangwa, kwa kuwa huchelewesha jeraha kupona.

Madhara ya kisukari machoni hayaumi mwanzoni, na mgonjwa huweza kuona vizuri huku retina ikiharibika. Kwa sababu hiyo, wataalamu hushauri macho yapimwe kila mwaka. Miguu nayo ikaguliwe kila siku, hasa kwa anayetembea peku ufukweni, kwani mguu uliokufa ganzi hauhisi mwiba wala kipande cha kombe.